Saratani ya ini na leza: uliza sentimita kabla ya kuuliza mashine

Familia ya Mombasa ikipata mgonjwa wa saratani ya ini, hazipiti siku nyingi kabla ya mtu kutuma kwenye kundi la WhatsApp video ya hospitali ya ng'ambo inayotangaza "leza". Kuna daktari mwenye kofia ya kijani, mashine inayowaka taa za buluu, na mgonjwa anayeshuka kitandani siku ya pili akicheka. Kufikia jioni harambee imeshafunguliwa, na ami mmoja amesema yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Mtwapa.

Tiba yenyewe si uongo. Nuru ya leza ikipitishwa kwenye uzi mwembamba wa kioo hadi ndani ya ini huua uvimbe wa saratani, na madaktari wamekuwa wakiifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Ila video haitaji uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani, ini lililouzunguka lilikuwa katika hali gani, wala kwa nini hospitali nyingi zenye uwezo wa kununua leza zimeamua kununua mashine nyingine. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama kiwanja kiuzwe au kiachwe.

Kwanza ugonjwa. Tukisema mtu ana kansa ya ini huwa tunachanganya mambo mawili. Kuna saratani iliyozaliwa kwenye ini lenyewe, na kuna iliyozaliwa kwingine, tuseme kwenye utumbo mpana au titi, ikasafiri na damu ikatua kwenye ini. Hii ya pili hutibiwa kwa kufuata chimbuko lake. Kinundu kilichotoka utumboni kinabaki kuwa saratani ya utumbo hata kikiwa ndani ya ini. Kuunguza uvimbe hutumika kwa zote mbili, lakini hesabu zake hazifanani. Hapa nitashughulika zaidi na ile iliyozaliwa kwenye ini, maana ndiyo inayoondoka na watu wetu wakiwa bado na nguvu za kazi.

Vyanzo vyake vinajulikana: virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pombe ya miaka mingi, mafuta yanayojaa kwenye ini la mtu mnene au mwenye kisukari, na aflatoksini, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Pwani hatukosi hata kimoja. Pombe ya mnazi ipo, kisukari kipo, vijana wanaojidunga heroini na kuambukizana virusi vya C kwa sindano wapo, na unyevu wa hewa yetu kila mwenye ghala anaujua. Aflatoksini Wakenya wengi waliisikia mwaka 2004, ilipoua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Ile ilikuwa sumu nyingi kwa mpigo. Kiasi kidogo kinacholiwa mwaka baada ya mwaka hakimlazi mtu. Huharibu chembe za urithi za seli za ini polepole, na kikimkuta mtu mwenye virusi vya B, hatari ya kimoja huzidishwa na ya mwenzake.

Kwa wagonjwa wengi saratani huja juu ya ini ambalo tayari limejaa makovu, hali inayoitwa sirosisi. Virusi vya B havina subira hiyo kila mara. Vinaweza kuleta saratani hata kwenye ini ambalo halijafika huko. Na kwa kuwa nyama ya ini haina neva za maumivu (zilizopo ziko kwenye utando unaolifunika), uvimbe unaweza kukua mwaka mzima bila mtu kushika ubavu. Maumivu yakianza, mara nyingi uvimbe umeshakuwa mkubwa kiasi cha kuuvuta ule utando.

Daktari anaujuaje bila kukata kipande cha nyama? Hapa pana ujanja mzuri wa maumbile. Ini hupokea damu kwa njia mbili. Karibu robo tatu huletwa na mshipa mpana unaokusanya damu kutoka matumboni, na iliyobaki huletwa na ateri. Uvimbe wa saratani ya ini hujitengenezea mishipa yake na kunywa karibu damu yote kutoka kwenye ateri. Kwa hiyo mgonjwa akiingizwa kwenye CT skani akadungwa dawa ya kung'arisha picha, uvimbe huwaka mapema dawa inapofika kwa ateri, kisha hufifia wakati ini lote linang'aa. Kwa mtu mwenye sirosisi, kinundu chenye mwendo huo kwa kawaida hutosha kuthibitisha ugonjwa. Ndiyo maana skani ya ini hupigwa kwa awamu kadhaa za dawa, na skani ya tumbo iliyopigwa mara moja tu bila dawa huacha swali palepale.

Sasa leza. Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960. Mwaka 1983, Stephen Bown wa London aliandika juu ya kuichomeka nuru hiyo ndani ya uvimbe wenyewe badala ya kuimulika kutoka nje. Waliolipeleka wazo hilo mbali kwa upande wa ini ni Waitaliano waliokuwa wakiongozwa na picha za altrasaundi, na kundi la Thomas Vogl kule Frankfurt lililotumia MRI, mashine ya picha inayofanya kazi kwa sumaku. Kinachobeba nuru ni faiba, jamaa ya zile zilizomo ndani ya nyaya za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009. Intaneti yako nayo huja kwa leza isiyoonekana kwa macho. Tofauti ni kwamba ya hospitali hutumwa ikiwa na nguvu za kupika nyama.

Mgonjwa huja bila kula. Damu yake imeshapimwa kama inaganda vizuri, jambo ambalo ini bovu hulivuruga. Hulazwa chali au ubavu kidogo, hupewa dawa ya kumsinzisha, kisha ganzi huwekwa kwenye ngozi na kushuka mpaka kwenye utando wa ini. Daktari hushika kifaa cha altrasaundi kwa mkono mmoja na sindano kwa mwingine, akiitazama ncha kwenye skrini inavyoingia katikati ya mbavu mgonjwa akiambiwa ashike pumzi. Katika mbinu ya Waitaliano sindano hiyo ni geji 21, unene uleule wa sindano ya kutolea damu mkononi. Ndani yake hupita uzi wa kwatzi wenye kipenyo cha milimita 0.3. Sindano ikifika penyewe hurudishwa nyuma kidogo, ncha ya uzi ikabaki uchi ndani ya uvimbe. Kwa kinundu kidogo sana huenda zikatosha sindano moja au mbili. Kikiwa kikubwa zaidi huchomwa hadi nne kwa umbo la mraba, na zote huwashwa pamoja.

Nguvu ni wati 5 tu kwa kila uzi, kwa dakika 6. Zidisha na utapata jouli 1,800. Hizo hazitoshi hata kupandisha joto la kikombe kikubwa cha chai kwa nyuzi mbili za Selsiasi. Lakini hazitawanywi kikombeni. Zinamiminwa kwenye kitone cha nyama kisichozidi punje ya mchele, na kutoka hapo joto husambaa pande zote. Nyama ikifika nyuzi 50 za Selsiasi seli hufa baada ya dakika chache. Ikipita 60, protini zake huganda papo hapo na hakuna kurudi. Daktari hataki kufika 100, kwa sababu maji yatachemka, nyama itakauka na kugeuka mkaa, na mkaa hauruhusu nuru kupita. Ukiongeza moto ili umalize haraka, umejifungia mlango. Wale wa Frankfurt waliliepa tatizo hilo kwa kuuvika uzi mrija unaopitisha maji ya kupooza, wakaweza kutumia nguvu kubwa zaidi.

Kwenye skrini, dakika ya kwanza au ya pili, hutokea wingu jeupe. Ni viputo vya gesi vinavyotoka kwenye nyama inayopikwa. Wingu hilo hukua mpaka kuuficha uvimbe, na hapo daktari hafanyi kazi kwa macho tena bali kwa hesabu alizopiga kabla ya kuwasha. Uvimbe ukiwa mrefu, nyuzi huvutwa nyuma sentimita moja hivi na kuwashwa tena. Kisha sindano hutolewa, plasta hubandikwa, na mgonjwa huangaliwa saa kadhaa au usiku mmoja.

Pengine ni vizuri kusema hapa kwamba hii siyo ile tiba ya "kuchomwa" kwa mashine ya mionzi, ambapo mtu hulala chini ya mashine mara nyingi kwa wiki kadhaa. Leza haina mionzi ya aina hiyo. Ni joto, basi.

Turudi kwenye ukubwa, maana ndipo mambo mengi huamuliwa. Kuua uvimbe kwenye mpaka wake hasa hakutoshi. Seli chache huwa zimeshapenya nje ya kile picha inachoonyesha. Kwa hiyo huunguzwa pia ukingo wa ini zima, nusu sentimita hadi moja kila upande. Uvimbe wa sentimita 3 ukizungushiwa ukingo wa sentimita moja unakuwa tufe la sentimita 5 la kuunguza. Uvimbe wa sentimita 6 unakuwa tufe la sentimita 8, na ujazo wake ni kama mara nne ya lile la kwanza. Juu ya hapo, uvimbe mkubwa una tabia ya kutapakaza vinundu vidogo kandokando na kupenya kwenye mishipa ya damu, na hapo unaunguza mzizi mbegu zimeshakwenda. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa huweka uunguzaji kama tiba ya kuponya kwa wenye kinundu kimoja kidogo, au vinundu visivyozidi vitatu na kila kimoja kisizidi sentimita 3. Kwa kinundu kisichozidi sentimita 2, kuunguza hushindana vizuri na upasuaji wa kukata.

Mahali pia pana neno lake. Mshipa wa damu wenye upana wa milimita 3 au zaidi ukipita ubavuni mwa uvimbe huzoa joto na kulipeleka kwingine, na upande huo seli hubaki nusu mbichi. Uvimbe uliogusa kibofu cha nyongo au utumbo nao una hatari yake. Hapa ndipo leza ilipo na faida ya kweli: sindano zake ni nyembamba, tufe la kila uzi ni dogo na linatabirika, kwa hiyo inaweza kwenda mahali ambapo daktari angesita kupeleka kitu kinene. Tena uzi wa kioo hauna chuma, ndiyo maana unakubalika ndani ya MRI.

Faida hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Tufe dogo maana yake ni sindano nyingi, na sindano nne zinazotakiwa kukaa sambamba ndani ya kiungo kinachopanda na kushuka kwa kila pumzi zinahitaji mkono uliozoea. Mashine ya maikrowevu, inayounguza kwa mawimbi badala ya nuru, hufanya kazi hiyo kwa sindano moja nene kiasi, kwa dakika chache, na haibabaishwi sana na mishipa ya damu. Kuna pia umeme wa mawimbi ya redio, uliotangulia kuenea na wenye ushahidi wa miaka mingi. Mwaka 2015 madaktari wa Naples walitangaza matokeo ya kupambanisha leza na mawimbi ya redio kwa wagonjwa 140 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Njia zote mbili ziliua kabisa zaidi ya asilimia 95 ya vinundu, na muda wa kuishi haukutofautiana kwa maana. Leza haikushindwa, wala haikushinda. Ndipo hospitali nyingi zikachagua kilicho rahisi kufundisha na kutumia.

Kwa hiyo ukipelekwa Nairobi ukaambiwa kuna maikrowevu na hakuna leza, hujapunjwa. Na anayekuuzia leza kwa bei maradufu kwa madai kuwa ni ya kisasa zaidi, mimi ningemwomba anionyeshe ni uvimbe wa nani, mahali gani, unaohitaji hasa sindano nyembamba kiasi hicho.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulisahau kabisa: ini lililobaki. Mgonjwa wa sirosisi ana magonjwa mawili ndani ya kiungo kimoja, na mara nyingine lile la makovu ndilo litakalomuua kwanza. Madaktari hulipima kwa alama za Child-Pugh, A hadi C, wakiangalia vitu vitano: umanjano kwenye damu, protini ya albumini, kuganda kwa damu, maji tumboni, na kama akili inachanganyikiwa kutokana na taka ambazo ini limeshindwa kuchuja. Wa A huunguzwa bila wasiwasi mkubwa. Wa B huangaliwa mmoja mmoja. Wa C, mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, hata kinundu cha sentimita 2 kikiuawa, hajasaidika sana. Kinachomfaa ni kupandikizwa ini jipya, na hilo wachache mno hulifikia.

Na hapa ndipo mazungumzo mengi ya kliniki yanapovunjika. Mtoto wa mgonjwa huuliza, "Daktari, hamna ile leza hapa?" Jibu la kweli ni kama hili: "Hata ingekuwepo, mwanangu, uvimbe wa baba una sentimita 11 na umeingia kwenye mshipa mkubwa." Kwa uvimbe mkubwa namna hiyo kuna njia nyingine. Kuna kuziba ateri inayolisha uvimbe kwa kupenyeza mrija kutoka pajani, kwa wasioingiliwa kwenye mshipa. Kuna vidonge kama sorafenibu vilivyoidhinishwa mwaka 2007, na baadaye dawa za kuamsha kinga ya mwili, ghali sana. Na kuna huduma ya kutuliza maumivu nyumbani, ambayo Coast Hospice ya Mombasa imekuwa ikiitoa kwa miaka, na ambayo familia nyingi huiendea mwishoni kabisa, baada ya pesa kuisha. Kuuza kiwanja ili kufuata leza kwa uvimbe wa sentimita 11 ni kununua tiketi ya ndege tu.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi kadhaa za Afrika, unaonyesha ukubwa wa pengo. Nchini Misri, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10.9 baada ya kugunduliwa. Katika nchi nyingine zilizoshiriki, kusini mwa Sahara, ilikuwa miezi 2.5. Umri wa kati wa wagonjwa wa nchi hizo ulikuwa miaka 46, wa Misri 58. Misri haina ini la ajabu; ina mpango wa kuwatafuta wenye virusi na kuwafuatilia kwa altrasaundi.

Kufuatilia kwenyewe si jambo la roketi. Mwenye sirosisi, au mwenye virusi vya B aliye katika kundi la hatari, hupigwa altrasaundi ya ini kila miezi 6, mara nyingi pamoja na kipimo cha damu cha protini ya AFP. Kwa kuwa saratani hii huwakuta Waafrika mapema, baadhi ya miongozo hutaka Mwafrika mwenye virusi vya B aanze akiwa bado kijana. Kinundu kikionekana kikiwa na sentimita 2, maswali yote ya leza na maikrowevu yana maana. Ugumu ni kwamba wengi hawajui kama wamo katika orodha. Chanjo ya virusi vya B iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajachanjwa kamwe.

Hata hivyo, wapo waliokwisha kuambiwa wasisikie. Vijana wa Pwani wanaotafuta kazi Saudia au Qatar hupimwa "medikali" kabla ya viza, na homa ya ini B na C ni miongoni mwa vinavyotafutwa. Anayekutwa navyo huandikiwa kuwa hafai. Ajenti humrudishia pasipoti, dada mtu humfariji kwamba riziki iko kwingine, na karatasi huishia jaani. Hakuna aliyemwambia kwamba virusi vya C hutibika kabisa kwa vidonge vya takriban wiki 12, au kwamba vya B hutulizwa kwa tenofoviri, dawa iliyomo pia kwenye tembe za Ukimwi, na kwamba kuvituliza hupunguza hatari ya saratani. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyetoa damu akapigiwa simu kwamba damu yake haikutumika. Mimi naona karatasi hizo mbili, ya medikali na ya benki ya damu, zingeokoa maini mengi kuliko mashine yoyote tutakayoletewa hospitali ya Makadara.

Aliyefanikiwa kuunguzwa huwa na homa kidogo na uchovu kwa siku chache, na maumivu ya ubavu yanayotulizwa kwa dawa za kawaida. Madhara makubwa, kama kuvuja damu, usaha ndani ya ini au kuumia kwa njia ya nyongo, hutokea kwa wachache. Baada ya mwezi hivi hupigwa CT au MRI yenye awamu za dawa. Palipounguzwa panatakiwa paonekane shimo jeusi lisilopokea damu. Ukingo ukiwaka mahali, kuna kilichobaki, na huunguzwa tena.

Kisha skani za miezi michache michache huendelea, kwa sababu ini lililozaa uvimbe wa kwanza lina uwezo wa kuzaa wa pili. Kwa wenye sirosisi, zaidi ya nusu hupata kinundu kipya ndani ya miaka mitano. Hiyo haimaanishi tiba ilifeli; kikigunduliwa kidogo huunguzwa kama cha kwanza. Tenofoviri haiachwi, pombe hairudiwi.

Kitu kimoja cha vitendo kwa anayepanda SGR kwenda kumwona mtaalamu Nairobi, au ndege kwenda mbali zaidi: ripoti pekee haitoshi. Anayepanga kuchoma sindano anataka kuziona picha zenyewe, awamu zote, apime umbali wa uvimbe kutoka kwenye mshipa na kibofu cha nyongo. Waombe walioipiga skani wakupe CD, uhakikishe inafunguka kwenye kompyuta kabla hujatoka pale dirishani, na uweke pamoja nayo majibu ya damu yenye tarehe. Wapo waliolipia skani ya pili kwa sababu tu ya kwanza ilibaki Mombasa.